Kila Tiketi na Swali Lake

Shughuli nzima ilinigharimu shilingi elfu arobaini na moja na mia mbili, na hapo sijaweka soda aliyokunywa mlinzi wa ukumbi, maana mpaka leo anasema nilimkaribisha. Nilizihesabu siku ile mara mbili, na wiki iliyofuata mara mbili tena, nikitumaini kwamba nilikosea. Sikukosea. Kodi ya ukumbi, kibali, spika mbili za kukodi, betri ya lori endapo umeme ungekatika, karatasi za tiketi na muhuri wa mpira wa kuzigongea. Kwa fedha hiyo ningepata karibu belo zima la mashati, na shati halimuulizi mtu swali.

Hii ni miaka ya ruksa, mji wa Songea unajifunza upya kuuza na kununua. Sisi tuliokuwa tukiitwa walanguzi tuliamka asubuhi tukaitwa wafanyabiashara, sura zile zile, bei zile zile. Nina meza ya mitumba sokoni. Jirani yangu wa kushoto anauza kaseti, wa kulia anauza sabuni na betri, na nyuma yetu pana banda la video ambamo watu hulipa kutazama Wachina wakipigana. Banda lilijaa mchana, likajaa tena jioni. Niliitazama ile foleni, nikaihesabu kutoka mbele kwenda nyuma, halafu kutoka nyuma kuja mbele, nikajiambia: kama mtu analipa kuona ugomvi wa watu asiowajua, wanaogombana kwa lugha asiyoielewa, atashindwaje kulipa kumsikia mjomba wangu?

Mjomba, kaka yake mama tumbo moja, alikuwa mwimbaji wa visa. Alikuwa na gitaa kavu ambalo waya wake mmoja ulikuwa waya wa breki ya baiskeli, akatembea nalo vijijini, Namtumbo, Hanga, mpaka kule Tunduru, akiimba mambo ya watu. Nyimbo nyingine alizikuta: ule wa wanaume waliokwenda mkonge Tanga wakarudi na sanduku la bati na kikohozi, ule wa bibi harusi aliyerudisha ng'ombe wa mahari mwenyewe, kwa miguu, akiwa amevaa gauni. Nyingine alizitunga njiani. Kulikuwa na mmoja wa mnunuzi wa tumbaku mwenye mizani inayolala upande, ambao ulimfanya yule mnunuzi abadilishe mizani, au pengine abadilishe kijiji, sikumbuki vizuri.

Sasa, mwimbaji wa visa huku kwetu ana utaratibu wake, na kila mtu anaujua tangu yuko mgongoni. Kumsikiliza ni bure, kama kuota jua. Lakini ukiinuka ukaweka kitu karibu na mguu wake, iwe sarafu, iwe yai, iwe hindi la kuchoma ulilokwisha kulianza, umenunua swali. Anasimamisha kisa, unauliza. Yule bwana alirudi? Mkewe alimpokea? Yule ng'ombe alikuwa wa rangi gani? Wengine huuliza hata mambo yao wenyewe, maana mwimbaji anapita kila mahali. Naye lazima akujibu papo hapo, ndani ya wimbo, kwa sauti ile ile. Hawezi kusema hajui, hawezi kusema njoo kesho. Akishapokea kitu chako anakuwa na deni la jibu, na jibu liwe la kweli. Ndiyo maana watu walimwamini kuliko redio. Redio inasema, halafu inapiga muziki, huna pa kuiulizia.

Nilimfuata baada ya Pasaka, amefikia kwangu, anakunywa chai.

"Mjomba, nataka kukuweka ukumbini."

"Nimekufa?"

"Ukumbini, uimbe. Watu wanakata tiketi mlangoni, wanaingia, wanakaa kwenye viti, unaimba."

"Wanalipa kuingia wapi?"

"Ndani."

"Na mimi nikiimbia nje?"

"Mjomba, usiniharibie biashara. Nje hutaimba."

Akanywa chai, akafikiri. Aliomba theluthi mbili, nikampa theluthi moja, tukakutana nusu, ambako ndiko nilikokuwa nimekusudia tangu mwanzo. Nilijisikia vizuri mpaka aliposema, "Lakini ule wa mawe sitauimba hapa mjini."

Mimi kwa kawaida simuulizi muuzaji kwa nini kitu fulani amekiweka chini ya meza. Lakini wimbo wa mawe ndio uliokuwa ukivuma. Wakati huo vijana walikuwa wanamiminika Tunduru kuchimba vito, na kila nyumba ilikuwa na mtu aliyekwenda au aliyekuwa anatafuta nauli ya kwenda. Wateja wangu waliotoka Namtumbo waliusifia. Kumweka Mjomba ukumbini bila wimbo wa mawe ni kufungua belo lisilo na suruali hata moja. Nikamuuliza kwa nini.

Akanieleza. Masika ile alikuwa amelazwa hospitali ya misheni kule Mbesa kwa ajili ya ngiri. Kwenye kitanda cha pembeni yake aliletwa kijana aliyeangukiwa na shimo la mawe, mvua imelegeza udongo. Kijana aliishi siku chache, na katika siku hizo alimwambia Mjomba kwao ni wapi, mama yake anaitwa nani, baba alishafariki ila baba mdogo yupo. Alikuwa wa kijiji cha huku kwetu, barabara ya Namtumbo. Akafa alfajiri. Walimzika makaburi ya misheni, Mjomba amesimama kando ameshika kidonda chake.

Aliporuhusiwa alifanya kama inavyotakiwa. Hakwenda kwa mama. Kwetu habari ya namna hiyo hupelekwa upande wa baba. Wao ndio wanaoita watu, wanamketisha mama katikati ya wanawake wenzake, mmoja anamshika bega huku na mwingine huku, ndipo anaambiwa. Mjomba akaenda kwa yule baba mdogo, akamkabidhi habari pamoja na mkanda na fulana ya marehemu. Baba mdogo akapokea kwa mikono miwili, akasema, "Tutamwambia wenyewe." Na ukishakabidhi habari ya msiba si yako tena. Ukiisema pengine kabla ya wenyewe, umewavunjia nyumba.

"Wamemwambia?" nikauliza.

"Nilipita wiki iliyopita. Alikuwa anapalilia karanga. Akaniuliza kama huko nilikotoka nimekutana na vijana wa mawe."

"Ukasemaje?"

"Nikasema nimekutana nao wengi."

"Na bado umemtungia wimbo."

"Ulikuja wenyewe. Nauimba mbali, jina silitaji."

Nikakubali. Tukaandika mabango bila wimbo wa mawe. Nilidhani kwa kuuondoa wimbo nimeondoa tatizo.

Jumapili ya onyesho niliweka meza mlangoni baada ya misa ya pili, tiketi zangu zimepangwa mafungu, kila moja na muhuri. Wa kwanza kufika alikuwa dereva mstaafu wa lori, mnene, mwenye kofia ya sufi. Akalipa, akaitazama tiketi mbele na nyuma.

"Hii ni swali moja, au na la nyongeza?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nyuma yake akaja mwalimu wa shule ya msingi na mkewe, wakakata mbili, nikamsikia mke akinong'ona, "Wewe uliza la shamba, mimi nitauliza lile la dada yako." Baada ya wengine wengi akafika mfanyabiashara kutoka Tunduru, kanzu safi, akanitolea salamu ndefu, akasema akijaaliwa lake litakuwa fupi, asichukue muda wa wenzake.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nauza. Mimi, mtu ninayekagua mshono wa kila shati, nilikuwa nimechukua fedha ya watu kwa ajili ya mwimbaji wa visa, nikadhani kwa sababu nimeichukua mlangoni badala ya mguuni, imebadilika. Kwa mtu wa Songea haikubadilika. Ametoa kitu, mwimbaji amepokea. Kila tiketi ilikuwa na swali lake, na nilikuwa nimeshauza zaidi ya sabini.

Nilipokuwa bado natafuta namna ya kulieleza hilo kwa watu waliopanga foleni, akafika mama mmoja. Alikuwa mwembamba, kitenge kimefungwa vizuri, miguu ina vumbi la mwendo mrefu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika kwa upole.

"Mwanangu, ni hapa kwa yule mwenye gitaa?"

"Ndiyo, Mama."

"Nimesikia huko mnadani Hanga ana wimbo wa kijana aliyekwenda kwenye mawe. Wangu alikwenda kwenye mawe." Akataja kijiji.

Ilikuwa kijiji kile. Nikamuuliza baba wa huyo kijana yuko wapi, akasema alishatangulia, amebaki shemeji tu. Nilihesabu hayo moja moja, halafu nikarudia, kama ninavyorudia chenji. Yalilingana.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya biashara nilijitahidi kumpoteza mteja.

"Mama, tiketi zimekwisha."

Akatazama fungu lililokuwa mkononi mwangu. "Na hizo?"

"Hizi zina wenyewe."

"Basi nitasimama hapa. Asiyekuja nitachukua ya kwake."

"Mama, bei imepanda. Ni mara mbili sasa."

Nilitegemea abishe. Kila mtu wa huku anabisha, hata padri akinunua soksi anabisha, na mtu akibisha unaweza kumkatalia, mkakasirikiana, akaenda zake. Yule mama hakubisha. Alifungua pindo la kitenge akatoa noti zilizokunjwa ndogo ndogo, akazinyoosha juu ya meza yangu moja baada ya nyingine, bei ile ya uongo niliyoitaja, kamili. Nikamrudishia nusu. Akaisukuma kwangu.

"Acha tu. Kama ndiyo bei yake. Swali nitauliza mwanzoni au mwishoni?"

Nilimpa tiketi. Sikuwa na sababu nyingine iliyobaki.

Nikamwachia meza muuza kaseti, nikapita mlango wa nyuma. Mjomba alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, anakaza ule waya wa breki.

"Mjomba, wanadhani tiketi ni swali."

"Umepokea vitu vyao?"

"Nimepokea."

"Basi hawadhani."

"Turudishe fedha."

"Wote?"

"Wote. Nitasema unaumwa."

"Siumwi."

"Mjomba, yule mama amekuja. Yuko ndani. Mstari wa tatu, karibu na nguzo."

Aliacha waya. Kisha akasema, "Huenda asiulize. Wengine wakifika mbele za watu wanaona haya." Lakini alisema kwa namna ya mtu anayeuza redio mbovu.

Aliingia, wakapiga makofi. Alianza na ule wa mkonge, na kwa muda mfupi nikasahau kila kitu. Nilikuwa nimemsikia Mjomba barazani, vilabuni, kwenye kupukuchua mahindi, lakini sikuwahi kumsikia ndani ya kuta, sauti yake ikipanda darini na kurudi. Wazee waliitikia kiitikio wakiwa wameketi, mikono magotini. Alipofika pale treni inapoondoka na mwanamume anatambua hakumuaga mama yake, mwalimu alivua miwani akaifuta.

Halafu dereva mstaafu akainuka, tiketi juu.

"Mzee, mimi nina langu. Baiskeli yangu aina ya Kichina iliibwa pale posta. Nani alichukua?"

Watu wakacheka, lakini wakanyamaza kusubiri. Mjomba akapiga gitaa akimtazama, akaimba kwamba baiskeli ile ameiona mara mbili, mara zote imeegemea ukuta wa nyumba ya mwanamke fulani upande wa pili wa mji, na aliyeiegemesha pale mara zote alikuwa na kofia ya sufi. Ukumbi uliangua kicheko mpaka spika zikakoroma. Dereva akakaa.

"Nimejibiwa," akasema.

"Uliza tena," mtu akamwambia kutoka nyuma, "labda utapata na pampu."

Yakaenda hivyo. Mke wa mwalimu aliuliza la dada yake mumewe, akajibiwa, na mumewe akasogeza kiti. Mfanyabiashara wa Tunduru aliuliza kama mnunuzi aliyechukua mahindi ya wanakijiji kwa mkopo atarudi, Mjomba akamwimbia namba ya lori, rangi yake, na njia liliyoshika, ambayo haikuwa njia ya kurudi. Kicheko cha hapo kilikuwa kifupi. Wengi walikuwa wamempa mahindi mtu yule. Nilisimama karibu na mlango nikihesabu vidole vilivyoinuka, nikaona kwamba kwa mwendo ule muda wa ukumbi ungeisha kabla ya mstari wa tatu. Sijawahi kupenda saa ya ukutani kama siku ile.

Lakini wanawake wa kwaya waliokaa mbele ya yule mama waligeuka, wakamwona amenyoosha mkono kimya kimya muda wote, wakasema, "Mpeni Mama nafasi, ametoka mbali." Watu wakamgeukia. Akainuka. Hakuona haya hata kidogo.

"Shikamooni wakubwa," akasema. "Wimbo wenyewe sijausikia, nimehadithiwa tu. Ule wa kijana wa mawe. Nauliza, huyo kijana sasa yuko wapi?"

Wimbo ule ulikuwa haujaimbwa. Haikuwa haki kuuliza wimbo ambao haujaimbwa, mtu angeweza kupinga. Nilitazama huku na huku nimtafute wa kupinga. Watu waliotoka barabara ya Namtumbo walikuwa wanatazama sakafu, na nikaelewa kwamba si mimi na Mjomba tu tuliokuwa tunajua.

Mjomba aliinamisha kichwa juu ya gitaa. Akaanza.

Alimwimba kijana akitoka nyumbani kabla jua halijachomoza, mlango umefungwa polepole, mbwa amemsindikiza mpaka kwenye migomba. Alimwimba akipanda lori la mkaa. Akamfikisha Namtumbo, akamnunulia muhogo wa kuchemsha, akamweka chini ya veranda ya duka mvua ipite. Kila ubeti ulimalizikia hapo hapo:

*Anakwenda, anakwenda,
mzigo begani, jina mdomoni,
muulizeni njia, yuko njiani.*

Mara ya kwanza ukumbi uliitikia. Lori likakwama, kijana akashuka kusukuma pamoja na wenzake. Mjomba akatupa majina ya milima, majina ya madaraja, na gharama ya kila kivuko. Wakalala Mchomoro. Kijana akauza shati lake la pili. Yote hayo yalikuwa ya kweli, kijana mwenyewe alimsimulia kitandani. Mjomba alikuwa anajibu. Alikuwa anajibu kwa ukweli mtupu, ila alikuwa anamtembeza yule mtoto polepole kadiri barabara ilivyoruhusu, na kila alipomaliza ubeti alitafuta kijiji kingine kabla ya kile cha mwisho.

Watu wakaacha kuitikia, mmoja mmoja. Mama peke yake ndiye aliyeendelea. Amesimama, tiketi mkononi, anatikisa kichwa kila jina la kijiji linapotajwa.

"Ndiyo," akawa anawaambia wanawake wa kwaya. "Hata mimi nilimwambia achukue shati la pili."

Nilijipenyeza mpaka karibu na jukwaa, sijui kufanya nini. Kuna wakati fundi wa spika alinitazama, kidole kwenye swichi, ananiuliza kwa macho kama azime. Nikatikisa kichwa kumkatalia, halafu nikatikisa kumkubalia. Akainua mabega, akaacha.

Mlinzi ndiye aliyekuja. Jioni ile ukumbi ulikuwa na sherehe ya harusi, wapambaji wameshafika na mapazia yao wamesimama nje. Aligonga saa yake kwa kidole. Nikamwomba dakika chache, akasema dakika zangu nilizinunua na zimeisha, akazima umeme. Mjomba aliendelea bila spika. Alikuwa amepita Matemanga, anateremka kuelekea mto wa mawe, Muhuwesi, na sauti yake ilikuwa imechoka imekuwa kama ya mtu anayeongea. Mlinzi akaenda akasimama mbele yake.

"Mzee, muda."

Mjomba akanyamaza katikati ya mstari. Katika miaka yote sikuwahi kumwona akiacha wimbo katikati. Watu wakatoka bila makofi, kama wanavyotoka kanisani Ijumaa Kuu.

Mama alinisubiri mlangoni. Uso wake ulikuwa umechangamka.

"Amefika mtoni," akasema. "Bado kidogo tu, siyo?"

"Bado kidogo, Mama."

"Mwambie asisahau alipoishia. Nitakuja tena."

Mjomba hakulala vizuri. Asubuhi akaniambia hawezi tena kuimba mbele za watu. Amepokea kitu cha mtu, hajatoa jibu, na akikaa na gitaa popote mtu wa kwanza kuinuka atamwambia maliza kwanza la yule mama. "Kulijibu si ruhusa yangu," akasema. "Nenda wewe kwa wenyewe. Wewe unajua kushawishi watu." Siku hiyo hiyo akaondoka kwenda kwa wakwe zake kulima, na mpaka hivi ninavyoandika hajagusa waya.

Nikaenda. Nilimkuta baba mdogo kwenye klabu ya ulanzi, peke yake kwenye benchi, kikombe kimejaa hajakigusa. Nilimwamkia, nikakaa, nikasema nimekuja kwa ajili gani. Nilitegemea mtu mkali. Alikuwa mtu aliyechoka.

"Unadhani nimependa?" akasema. "Tumbaku yangu imechukuliwa tangu mwaka jana, fedha sijaona. Ghala halina kitu. Nikitangaza leo, watu wanakuja leo. Wanakaa siku zao, wanalala. Watakula nini? Nimlize mama wa watu halafu waombolezaji waondoke na njaa wakimsema?"

"Baba, nitasaidia. Nina unga, nina sukari kidogo." Sikuwa navyo. Mtaji wangu ulikuwa umebaki kwenye ukumbi na spika za watu wengine, lakini nilikuwa tayari kukopa.

"Wewe ni nani wake?"

"Si mtu wake."

"Basi. Msiba si shati, mwanangu, aje mtu wa nje aulipie." Hakusema kwa ubaya. "Subiri mavuno. Shemeji yangu ana shamba zuri la mahindi mwaka huu, hata mimi nalitegemea. Mahindi yakiingia, tunamketisha, tunamwambia."

Nilijaribu kila njia ninayoijua. Nilipunguza: basi wawaite wanaukoo wachache tu, wakae siku moja. Nikapandisha: kama si hivyo nitamwambia mwenyewe. Akanitazama akauliza, "Akiwa wapi? Amesimama mbele ya meza yako sokoni? Nani atamshika?" Nikaondoka, naye akabaki na ulanzi wake.

Mavuno yakafika. Mwezi wa saba barabara zikakauka, na malori ya wanunuzi binafsi yakaingia kila kijiji kabla mahindi hayajakauka vizuri, bei ya kutupa, lakini fedha taslimu mkononi. Juzi, siku ya soko, nilikuwa napanga makoti nikaona kitenge kile. Alikuwa na bakuli limefunikwa kitambaa. Akaketi kwenye kigoda changu cha wateja, akafunua, mahindi meupe, punje kubwa, kavu.

"Angalia hii, mwanangu. Wewe ni mtu wa biashara."

Nikachota kiganjani. Nikasema ni mahindi mazuri sana, Mama, na yalikuwa mazuri kweli. Nikauliza kama shemeji yake ameshayaona.

"Ameyaona. Anasema nisiuze, niyaweke, tutayahitaji nyumbani. Tutayahitaji kwa nini, sisi watu wawili?" Akacheka kidogo. "Mjomba wako naona analima, hana nafasi. Simlaumu. Lakini nimefikiri, alimwacha pale mtoni, na kutoka hapo si mbali tena, naweza kumalizia mwenyewe, nimfuate kijana wangu. Wananiambia magari ya Tunduru sasa yanapita kila siku."

Akafunika bakuli, akaliweka mapajani, akanitazama kama anavyotazamwa mtu anayejua bei za vitu.

"Kwa hiyo nishauri, mwanangu. Niyauze yote leo kwa hawa wa malori, nipate nauli ya kwenda na yake ya kurudi, au ningoje kidogo bei ipande?"